Simu ya Mtu Aliyekuwa Akilia

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipowaacha: sebuleni kwangu, mama mkwe ameshika tama, anasema Jumapili tutakaa kikao, na kwenye kikao hicho ama nilie kama mama aliyefiwa, ama nifunge virago nirudi kwetu.

Kwa waliochelewa, mkasa wenyewe ni mfupi. Mimi na mume wangu, fundi wa majokofu, tulijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Tulimwita Bosi kwa sababu tangu alipoanza kusema alikuwa anatoa amri tu. Bosi akashikwa na homa asubuhi moja nikiwa kazini, na kabla sijarudi nyumbani akawa hayupo tena.

Msiba mzima mwenzenu sikutoa chozi hata moja.

Ingekuwa hilo peke yake, pengine wangenivumilia. Lakini nilisimama mlangoni nikawapokea waombolezaji kwa tabasamu na sauti laini, "Karibuni sana, asanteni kwa kufika," utadhani nina kitu nawauzia. Wakwe walikuwa wamekaa pale pale, macho yao kwangu.

Ujumbe wenu nimeusoma. Mmoja ameandika, "Wewe si mwanamke, wewe ni jiwe." Mwingine ameuliza kama yule mtoto nilimzaa mwenyewe. Nilimzaa, ndugu yangu. Nilimzaa kwa kupasuliwa, kovu ninalo, na kama gazeti lingekubali ningekuonyesha.

Sasa nisikilizeni, maana ya Jumapili yamepita na yameniacha pabaya kuliko yalivyonikuta.

Kwanza mjue kazi yangu. Napokea simu za wateja kwenye kampuni ya ving'amuzi vya televisheni. Mpira ukikatika mtu anakaribia kufunga bao, anayetukanwa ni mimi. Nimetukaniwa mama, baba na ukoo mzima na watu nisiowajua kwa sura, na wote nimewajibu neno moja: "Naelewa jinsi unavyojisikia, mteja wetu."

Kila meza ina kioo kidogo. Si cha kujipamba. Msimamizi wetu anasema tabasamu linasikika kwenye simu, kwa hiyo kabla ya kupokea unajitazama: meno yapo? Haya, pokea. Simu zetu wenyewe tunaziacha kwenye makabati mlangoni, zimefungiwa, ili mambo ya nyumbani yasiingie ndani.

Nilipokwenda kwa daktari wa mambo ya akili kumweleza kwamba silii, alinisikiliza vizuri tu. Akasema, "Hisia zako zipo. Zimezoea kukaa nje ya mlango, basi."

Nikamwambia, "Daktari, niandikie hivyo nimpelekee mama mkwe."

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Ijumaa nikarudi kazini. Msimamizi alikuwa na wafanyakazi wapya, anawafundisha jinsi ya kumtuliza mteja aliyepandwa na hasira au anayelia. Aliponiona akapiga makofi.

"Huyu hapa! Mwalimu wenu huyu hapa. Sikilizeni simu hii, aliipokea mwenyewe."

Akawasha spika. Nikasikia kelele za watu, kama koridoni. Kisha mwanamume analia. Hasemi kitu, analia tu, kilio kibaya kinachokwama kooni kama mtu anayekohoa. Halafu ikaja sauti yangu, tamu, taratibu: "Naelewa jinsi unavyojisikia, mteja wetu. Tafadhali subiri kwenye laini." Muziki ukaanza.

Ndivyo tunavyofundishwa. Mteja akilia mweke kwenye muziki, apumue, apoe, kisha umrudie.

Muziki ukaisha. Sauti yangu ikarudi: "Asante kwa kusubiri. Nikusaidie nini?"

Kimya.

"Mnasikia?" msimamizi akasema, kidole juu. "Kimya. Ametulia huyo. Kazi imekwisha."

Wale wapya wakanitazama kwa heshima. Nami, niwaambie ukweli, nilijisikia vizuri. Tangu kumzika mtoto wangu ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kuna jambo nimelifanya sawasawa.

Mwenzangu wa meza ya jirani, mwanamke mcheshi tunayemwita Redio, akanivuta pembeni wakati wa kula.

"Kikao ni lini?"

"Jumapili."

"Na macho?"

"Makavu."

"Jikoni una vitunguu?"

"Nimejaribu. Nikapiga chafya tu."

Redio akafikiri. "Sikiliza, shoga yangu. Watu wale hawataki moyo wako. Moyo watauona wapi? Wanataka maji ya macho. Tafuta dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kopo. Paka ncha za vidole, ukifika wakati, jifute chini ya macho. Utalia mpaka wakuombe msamaha."

"Huo si uongo?"

"Na hilo tabasamu unalolipwa kila mwezi ni nini?"

Kama wewe una jibu, niandikie.

Jumapili wakaja baada ya chakula cha mchana: mama mkwe, na shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye mdomo usiojua kubisha hodi. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mbali, karibu na jokofu la mteja alilokuwa amelifungua mgongo. Tangu msiba alikuwa anasema nami kwa vipande: chumvi, funguo, umeme umekatika. Hakunipiga, hakunitukana. Alinihama tu tukiwa chumba kimoja.

Nilimtaka mume wangu arudi. Nataka mlielewe hilo. Habari ya kubaki kwenye nyumba haikuniuma. Kwetu wangenipokea. Nilimtaka yeye, kwa sababu duniani tulibaki watu wawili tu tuliojua Bosi alivyokuwa anakataa kuvaa viatu mpaka umwite "mheshimiwa".

Shangazi akaanza. "Mke wa mwanangu, sisi si watu wabaya. Tunauliza tu. Mtoto amekufa. Wewe umecheka."

"Sikucheka, shangazi."

"Meno niliyaona."

Mama mkwe akasema kwa upole, na upole wake ndio unaochoma zaidi, "Mwanangu, mimi nimezika mume. Nilijigaragaza chini mbele ya watu wote, sikuona haya. Wewe umezika kipande cha mwili wako. Kama una uchungu, tuonyeshe na sisi tukubebee. Kama huna, tuambie tujue tunaishi na nani."

Nikainamisha kichwa. Vidole vilikuwa tayari. Nikajifuta jicho la kulia, nikajifuta la kushoto.

Weee! Redio hakunieleza kwamba huwa inawaka vile. Macho yalishika moto. Machozi yakamwagika, kamasi zikafuata, nikaanza kuyumba kwenye kiti, na kwa kuwa sauti ndiyo kazi yangu, nikatoa na ya kwikwi.

"Mwanangu jamani!" nikalia. "Bosi wangu!"

Mama mkwe akaangua kilio. Akanivamia, akanikumbatia, akaniambia basi, basi. Shangazi mwenyewe akatoa leso. "Eeeh," akasema, "huyo sasa ndiye mtu."

Na ndani yangu? Ndani hakukuwa na kitu. Nilikuwa nawaza kama jiko nimelizima.

Mume wangu akasimama. "Mama, basi. Mke wangu haendi popote. Naomba niseme naye kidogo, sisi wawili."

Mke wangu! Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu siku ile. Akanishika mkono, akaniongoza chumbani, nami nikamfuata moyo unanidunda kama msichana anayekwenda kuchumbiwa.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Ukutani lilikuwa limeegemezwa godoro dogo la Bosi, ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa.

"Nipe mkono."

Nikampa. Akauinua usoni. Nilidhani anaubusu.

"Hii ni dawa yangu ya mgongo," akasema.

Nikavikunja vidole.

"Mimi nabeba majokofu ya watu ngazi kwa ngazi. Harufu hii naisikia mpaka kwenye chai. Ulidhani sitaijua?"

"Baba Bosi, naomba nikueleze..."

"Mama umempata. Shangazi umempata. Mimi niache."

"Mbona basi umewaambia siendi popote?"

Akawa anausugua mkono wangu kwa shati lake, taratibu, kama anafuta grisi kwenye chuma.

"Kuna jambo nimelificha," akasema. "Nilikuwa nangoja ulie kwanza. Nilisema akilia, nitajua ameguswa, nitamwambia na tutalia pamoja. Sikutaka kukuambia ukiwa hivi. Sasa naona nitazeeka nangoja."

"Niambie."

"Siku ile nilikupigia simu."

"Simu yangu ilikuwa kabatini, unajua wanavyotufungia..."

"Sikupiga yako. Nilipiga ya kazini kwenu. Ile namba ya bure."

Nikamtazama. Bado sikuwa nimeelewa, wasomaji wangu. Ninyi pengine mmekwishaelewa. Mimi nilikuwa nimekaa pale na macho mekundu ya dawa, sina hili wala lile.

"Tulikuwa koridoni hospitali," akasema. "Bosi nimempakata. Wametuambia tungoje daktari. Akawa anasema, 'Nipe mama. Nipe mama.' Unamjua. Nikapiga. Bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri. Nikasema yeyote atakayepokea nitamwomba akuite. Mko wengi mle. Nani angejua?"

"Nani alipokea?"

"Wewe."

Nikauvuta mkono wangu.

"Nilikuwa nimejikaza tangu nyumbani," akaendelea. "Barabarani nimejikaza, kwa manesi nimejikaza. Angepokea mtu mwingine ningesema vizuri tu. Lakini niliposikia ni wewe, basi, nikalegea. Nilitaka kusema, mama Bosi, njoo. Neno halikutoka. Nikalia. Mtu mzima, mbele za watu, nalia kwenye simu."

Nikakisikia tena kile kilio cha Ijumaa kwenye spika. Kile kinachokwama kooni kama mtu anayekohoa.

Sauti ya mume wangu ningeitambua sokoni katikati ya watu mia. Lakini kilio chake nilikuwa sijawahi kukisikia. Alipomzika baba yake hakulia. Alipovunjika mguu hakulia. Ningemjuaje? Niambieni, ningemjuaje?

"Nikaona nishindwe mimi, mtoto asishindwe," akasema. "Nikamwekea simu sikioni. Akakusikia. Ulikuwa unasema, 'Naelewa jinsi unavyojisikia.' Akacheka, mama Bosi. Na homa yote ile akacheka. Akasema, 'Mama!' Lakini wewe ulikuwa umeshaweka muziki."

"Acha," nikasema.

"Akaniuliza, 'Mama amekwenda wapi?' Nikamwambia anakuja, subiri kidogo. Akasubiri. Akaishika ile simu mwenyewe, hakutaka niishike mimi. Muziki unapiga, yeye anasubiri. Halafu simu ikateleza. Uliporudi ukasema asante kwa kusubiri, hakukuwa na wa kukujibu. Mimi nilikuwa namwita daktari."

Ametulia huyo, alisema msimamizi. Kazi imekwisha.

Mume wangu akaniangalia machoni. Alikuwa anangoja. Mtu aliyebeba jambo kama lile peke yake, mazishi yote, wiki zote hizo, ananiangalia na kungoja neno moja kutoka kwangu. Nami nilikuwa na maneno elfu. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka kumwambia nipige. Nikafungua kinywa, na kilichotoka, kwa sauti tamu, taratibu, na meno nje, kilikuwa hiki:

"Pole sana kwa usumbufu uliojitokeza."

Nilijisikia mwenyewe nikikisema. Nilitaka kukikamata hewani nikirudishe.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinyanyuka tu akasogea dirishani.

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Sijui niwaelezeje. Hayakuanza machoni, yalianza tumboni, chini ya lile kovu. Nikajikuta sakafuni nimelikumbatia lile godoro dogo, nalia bila sauti, kisha na sauti, sauti ambayo si ya kazini wala ya nyumbani, sijui ilitoka wapi. Nililia homa yake na viatu vyake na ule mkono wake wa moto ulioshika simu. Nilimlilia akiwa anasubiri. Daktari alikuwa amesema kweli, hisia zilikuwapo zote, hata moja haikupotea, na zote zilikuja siku moja.

Nilipoinua uso mume wangu alikuwa ananitazama.

"Nayaona," akasema. "Hayo si ya kopo. Nayaona."

Nikamnyooshea mkono. Hakuushika.

"Nilidhani nikiyaona nitapoa," akasema. "Nimeyangoja kama mgonjwa anavyongoja dawa. Sasa nayaona, na hayanisaidii kitu."

"Baba Bosi..."

"Usiseme!" Ndiyo mara pekee aliyopaza sauti. Kisha akashusha. "Usiseme, nakuomba. Sikufukuzi. Hukujua ni mimi, najua hukujua. Kichwa changu kinajua. Lakini ukifungua mdomo, hata ukiniuliza habari za asubuhi, nasikia ule muziki. Naona mtoto anasubiri. Kaa humu, pika usipike, lia usilie, nyumba ni yako. Sauti hiyo tu. Siku nitakayoisikia tena, mimi nitaondoka, na sitarudi."

Nikaziba mdomo kwa mkono, kumwonyesha nimekubali. Hebu fikirini. Mtu niliyemtaka arudi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ananipa njia ya mwisho ya kuishi naye, na njia yenyewe ni kuwa bubu. Na mwenzenu nilishukuru.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi, hakubisha hodi.

"Bado analia?" akasema. "Ee, maskini!"

Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Kilio changu kilikuwa kimewafikia sebuleni, na uso wake ulikuwa umelegea kwa huruma. Akapiga magoti sakafuni, na miguu yake ile mibovu, akanishika mashavu.

"Mwanangu, nimekukosea," akasema. "Nimekusema kwa watu, nimesema huna moyo. Nimekaa pale nje nikikusikia, nikasema kilio kile ni cha mama. Nisamehe."

Nikatikisa kichwa kukubali, machozi yanamlowesha mikono.

"Sema, mwanangu. Neno moja tu kwa mdomo wako. Sema umenisamehe na unabaki na mwanangu. Nikilisikia, hakuna mtu wa ukoo huu atakayekugusa tena."

Nikatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi. Nikamshika mkono nikaubusu.

"Kichwa cha nini?" shangazi akasema. "Mama yako amekupigia magoti, mtu mzima, wewe unamtikisia kichwa kama mbuzi? Ulimi umekatwa?"

Nikamtazama mume wangu. Nilidhani atasema jambo, atawaambia mwacheni. Alikuwa amegeuka kutoka dirishani, na macho yake hayakuwa machoni kwangu. Yalikuwa kwenye midomo yangu.

Mikono ya mama mkwe ikaanza kulegea mashavuni. "Mwanangu, nakuuliza kwa heshima," akasema, na ule upole ulikuwa umeanza kupoa. "Unabaki, au unataka kurudi kwenu?"

"Ni kiburi kile kile," shangazi akasema. "Mimi niliwaambia. Yale ya sebuleni yalikuwa maigizo. Wifi, nenda kamtolee nguo zake."

"Ngoja," mama mkwe akasema. "Mara ya mwisho. Mke wa mwanangu, nijibu."

Mume wangu akaokota funguo zake kitandani, akazikunja kiganjani, akangoja.

Nikafungua mdomo.